Kadi ya Mama Aliyefunikwa

Mzinga wa kutangaza saa sita mchana ulipolia kilimani Jumatatu ile, vioo vya madirisha vilitetemeka kama kawaida, njiwa wa jirani wakaruka kama kawaida, lakini Tasniem hakushtuka.

Tangu azaliwe, mtoto huyo hakuwahi kuuzoea mzinga. Watu wa mtaa wa Bo-Kaap, chini ya kilima hicho, huusikia kila siku ya kazi na hawageuzi hata shingo. Yeye, pamoja na miaka yake mitatu, kama anakula huacha kijiko, kama amelala huamka, kisha hukimbilia sketi ya mama yake na kujificha humo, akicheka kwa woga. Faldiela alikuwa na desturi ya kuacha kazi na kuitandaza sketi saa sita ikikaribia, mtoto apate pa kufikia. Siku hiyo aliitandaza, akangoja, mtoto asije.

Alimkuta sebuleni, kwenye kiti chake kidogo karibu na dirisha. Ameketi wima. Mikono iko juu ya mapaja, macho mbele.

"Tasniem? Hukusikia mzinga?"

"Nimesikia, Mama."

Midomo tu ndiyo iliyotikisika.

Galiema, jirani wa mlango wa pili, akaingia na bakuli la supu ya maharagwe, maana alijua Faldiela ana mafua tangu juzi. Akasimama akimtazama mtoto.

"Huyu ni Tasniem au sanamu? Dawa gani hiyo mliyompa, nami niwape wangu? Leo wamevunja kochi!"

"Mwenyewe nashangaa, Galiema."

"Usishangae, shukuru. Kunywa supu yako ingali moto."

Faldiela alicheka naye, akaipokea supu, akaketi kuinywa. Lakini bakuli likaisha bila yeye kujua kama ilikuwa na chumvi. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Na puani, juu ya mafua yote, palikuwa na harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa bado mbichi.

Mumewe, Igsaan, alikuwa fundi wa kusaga vioo vya miwani katika duka moja mjini. Jioni wazee wa mtaa walimletea miwani iliyovunjika mikono, naye aliitengeneza bila kuchukua kitu. "Nisipowatengenezea watausalimia ukuta wakidhani ni mimi," alisema. Lakini starehe yake ilikuwa darubini za picha za kizamani, zile za kushika mkononi. Rafu nzima ya sebuleni ilikuwa yake. Palikuwa na za mbao zenye mpini wa chini na kofia ya bati iliyonakshiwa majani, na kijiti mbele cha kusogezea kadi. Palikuwa na nyeusi za bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, zinazofunguka kama chaza. Aliweza kufumba macho, apapase bawaba na ukingo wa kofia, akwambie imetoka nchi gani na kama mpini ni wake au wa kubandikwa.

Kila kadi ya darubini hizo ina picha mbili zinazofanana, kama mapacha. Mtu asiyejua hudhani ni moja iliyorudiwa. Kumbe moja imepigwa kwa ajili ya jicho la kushoto na nyingine kwa ajili ya la kulia, zimepishana kidogo tu. Ukiweka macho kwenye darubini, zinaungana, na picha inasimama: kiti kinatoka mbele, ukuta unarudi nyuma, unatamani uingize mkono.

Kadi iliyoleta haya yote aliipata Jumamosi iliyotangulia, kwenye soko la vitu vikuukuu la Milnerton. Mama mmoja alikuwa akiuza vyombo vya nyumba iliyofiwa, na Igsaan akampa darubini yake moja ya bati kwa kadi hiyo peke yake. Alirudi nyumbani akipiga mluzi.

"Ona hii, Faldiela. Kadi bapa, pembe zake kali. Hii ni ya zamani hasa, kabla hawajaanza kuzipinda kadi na kuzikata pembe mviringo. Sasa tazama ndani."

Faldiela alitazama akarudisha darubini upesi. Picha haikusimama. Ukuta ulikuwa umekuja mbele, na mtoto aliyekuwa kwenye kiti alikuwa amezama nyuma ya ukuta, kama unyayo kwenye tope.

"Inaniumiza kichwa."

"Lazima ikuumize! Aliyebandika alikuwa amelala. Ya kushoto kaiweka kulia, ya kulia kaiweka kushoto. Makosa haya nimeyakuta sana. Ni kazi ya dakika chache."

Jumapili asubuhi, Faldiela alipokuwa akikaanga koesista, yale maandazi ya viungo, na kuwapangia majirani kwenye visahani, Igsaan aliomba mvuke wa birika lake. Akazishikilia picha juu ya mvuke mpaka gundi ikalainika, akazibandua taratibu. Zilibanduka kwa shida, kama bandeji kwenye kidonda kibichi. Akazibadilisha, akazigandisha upya, akaweka kitabu juu. Walipomaliza kula akaita familia yake dirishani.

Sasa picha ilisimama. Mtoto wa kike wa gauni jeupe ameketi wima, mikono juu ya mapaja. Nyuma yake, badala ya mgongo wa kiti, kuna kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa cha maua kutoka juu hadi chini. Kilikuwa na mabega.

"Huyo ni mama yake," Igsaan alisema. "Zamani picha ilichukua muda kupigwa, na mtoto hatulii. Basi mama anafunikwa shuka kama kiti, anamshika mtoto kwa nyuma asitikisike. Wenye kukusanya tunazitafuta sana picha hizi."

"Masikini," alisema Faldiela. "Amshike mwanawe mpaka mikono imchoke, halafu sura yake isitakiwe hata kidogo."

Tasniem naye akawekewa darubini machoni. Alitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Ananiangalia," alisema.

"Mtoto mwenzio?"

"Siyo mtoto."

Walicheka. Mtu aliyefunikwa gubigubi ataangalia na nini?

Ndipo ikaja Jumatatu ya mzinga. Jumanne Tasniem aliketi tena dirishani, tangu chai ya asubuhi. Faldiela alimpelekea mkate wenye jemu, akaula kwa kulishwa. Alimletea mwanasesere wake, mwanasesere akaanguka miguuni pake asimwokote. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma, ule unaofunika mlima kwa wingu na kugongesha milango, na Faldiela alipokuwa jikoni akikanda unga alisikia upepo ukipuliza chini ya mlango wa sebule: shhh… shhh… Akaendelea kukanda. Kisha upepo ukatulia, miti ikanyamaza, na ile sauti ikaendelea peke yake, taratibu, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Shhh… shhh…

Akaingia sebuleni na mikono yenye unga. Alikuwamo Tasniem tu.

"Mwanangu, kwa nini hutikisiki?"

Mtoto alijibu kwa sauti ndogo, bila kugeuka. "Amesema nisitikisike. Picha bado."

"Nani amesema?"

"Anayenishika."

Faldiela akasogea, na mwanga wa dirisha ulikuwa mweupe na mkali kiasi kwamba hapakuwa na kivuli cha kudanganya jicho, akaona gauni la mtoto limebonyea ubavuni, upande huu na upande ule, vibonyeo vinne hapa na vinne pale, virefu, vikizidi kidogo kila mtoto alipotoa pumzi.

Alimkumbatia, akavuta. Ni kama kuvuta mti. Mtoto hakulia, machozi tu yalimshuka, nayo yalishuka moja kwa moja, maana uso haukujikunja.

Alimpigia mumewe simu huku amepiga magoti sakafuni, mkono mmoja juu ya mguu wa mtoto. Igsaan alidhani ni homa. Alifika na dawa ya homa mkononi na maandazi mawili aliyopewa na mwenzake wa kazini kwa ajili ya mgonjwa. Naye akajaribu kumwinua Tasniem, kwanza kwa utani, "Haya, twende juu, gunia langu la viazi," halafu bila utani, halafu kwa nguvu zake zote, mpaka kiti kikainuka kutoka sakafuni pamoja na mtoto, na mtoto akasema polepole, "Baba, ananibana zaidi."

Igsaan akakiweka kiti chini. Alikuwa amesawijika.

Faldiela alichukua ile darubini kutoka rafuni. Hakutaka kutazama, akatazama. Mtoto wa gauni jeupe alikuwapo. Nyuma yake kitambaa cha maua kilikuwa kimelala kwenye kiti, bapa, hakina mabega. Ndani yake hamkuwa na mtu.

"Igsaan," alinong'ona, "yuko humu nyumbani."

"Nitazirudisha kama zilivyokuwa. Sasa hivi. Washa birika."

"Na Tasniem?"

Igsaan alisimama katikati ya sebule na kadi mkononi, kama mtu aliyeokota nyoka akidhani ni mshipi.

Galiema, aliyekuwa amesikia kilio cha Faldiela kupitia ukutani, aliingia, akamwona mtoto, hakuuliza mengi. Alitupa mtandio kichwani akakimbia kumwita Anti Rugaya, mwosha maiti wa mtaa.

Anti Rugaya alikuwa mama mnene, mwenye kelele, na jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika miaka mingi. Aliingia akihema na kulaumu mwinuko wa barabara. Lakini alipomwona mtoto aliweka kikapu chake chini. Akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akajaribu kuukunja kwenye kiwiko, polepole, akimsemesha kama anavyowasemesha wale anaowaosha.

"Mrembo wangu, nipe mkono. Nipe basi."

Akasimama.

"Maiti hulegea ukimbembeleza," alisema. "Huyu hakukakamaa. Huyu ameshikwa."

Igsaan akamweleza habari ya kadi, kwa haraka, akijikwaa kwa maneno. Anti Rugaya aliiweka darubini kwenye jicho lake moja, akaishusha.

"Kwangu mimi hiki ni kipande cha karatasi. Wenye macho mawili ndio mnaoingia. Ehe, we fundi wa miwani, nani alikwambia yule aliyefunikwa ni mama wa mtoto?"

"Atakuwa nani mwingine, Anti? Ndiyo ilikuwa desturi."

"Desturi ni kwamba mama akae. Je, kama mama hakuwapo? Kama amekufa, au wamemwacha nje mlangoni? Kiti cha mama kikikaa wazi na mtoto analia, kuna mpita njia atakayeketi. Na hao wakiketi hawajui kuinuka. Aliyebandika kadi hii kinyume hakuwa amelala, mwanangu. Alikuwa akifunga mlango. Nawe kwa ufundi wako ukaufungua."

Igsaan aliinamisha kichwa. Faldiela, hata katika hofu ile, alinyoosha mkono akamgusa mgongoni.

"Basi nizigeuze tena, Anti?"

"Ukizigeuza sasa, unafunga mlango huyu mtoto akiwa mikononi mwake. Aachiwe kwanza, ndipo ufunge. Washa hilo birika, ukae tayari." Akamgeukia Faldiela. "Kwa nini umesimama mbali? Kiti ni chako."

Walimsikiliza mtoto. Pumzi yake ilikuwa imepungua. Alikuwa akivuta kidogo, anazuia, anavuta kidogo, anazuia, kama anayeambiwa asipumue mpaka picha iishe.

Anti Rugaya alitoa shuka jeupe katika kikapu chake.

"Utapiga magoti nyuma ya kiti. Nitakufunika. Utamshika mwanao pale pale aliposhikwa. Yule akihisi mama mwenyewe amefika, hana kazi tena. Lakini sikia, Faldiela. Wewe unajua unga wa koesista ukishaumuka?"

"Najua, Anti."

"Unaushika vipi?"

"Kwa vidole tu. Ukiubana unashuka."

"Basi mshike hivyo. Hata iweje. Kubana ni kazi yake yeye, usiichukue."

Faldiela alipiga magoti, shuka likamshukia, na ulimwengu ukawa mweupe. Nje ya shuka alimsikia Anti Rugaya akianza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini, na birika likianza kuchemka, na Galiema akilia kimyakimya mlangoni. Ndani ya shuka ilikuwamo ile harufu ya nguo mbichi. Akainyoosha mikono yake ikapita pande zote mbili za kiti, ikafika kwenye mbavu za mwanawe, na chini ya viganja vyake, mahali alipotarajia gauni, akagusa mikono mingine, baridi, mirefu kupita kiasi, iliyokaza vidole kama mizizi, na hapohapo akahisi juu ya shingo yake mtu akivuta pumzi, mtu ambaye alikuwa nyuma yake na mbele yake na mahali pale pale alipokuwa yeye, akasema shhh, na Faldiela akataka kupiga kelele lakini akaogopa kelele zitamfanya abane, akabaki hivyo, hana pa kwenda mbele wala nyuma, amefungwa kati ya mwanawe na kitu kile, akigundua, kadiri alivyoendelea kuigusa, kwamba mikono ile ilikuwa inatetemeka, inatetemeka kwa kuchoka, kama mikono yake mwenyewe ilivyotetemeka usiku wa homa ya kwanza ya Tasniem.

"Nimefika," alinong'ona. "Asante kwa kumshika. Mimi ndiye mama yake."

Kidole kimoja kikalegea. Kisha kingine. Vilijitoa polepole mno, kama vinavyojitoa vidole vya mtu anayetaka kubadili nia. Cha mwisho kilipotoka, Tasniem, ambaye mwili wake wote ulikuwa umejikaza tangu asubuhi, aliachiwa ghafla kama upinde, akarukia mbele, kichwa kikielekea chini kwenye ukingo wa rafu, na Faldiela akamdaka.

Alimbana kifuani kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Sasa!" alipiga kelele Anti Rugaya, na Igsaan, vidole vikiungua kwa mvuke, akazibandua picha, akazibadilisha, akazikandamiza kwenye kadi kwa viganja viwili.

Tasniem alilia. Alilia kwa sauti kubwa, kamasi zikitoka, akirusha miguu, akampiga baba yake teke la pua, na hakuna aliyewahi kufurahia teke kama Igsaan alivyolifurahia lile. Galiema alicheka na kulia pamoja. Shuka liliondolewa. Anti Rugaya akaitazama ile kadi kwa jicho lake, akaifunga kwenye kitambaa, akasema atakwenda kuizika mwenyewe.

Mlangoni alisita.

"Faldiela. Ulimshika vipi?"

"Taratibu, Anti. Kama ulivyoniambia."

Alisema hivyo na aliamini hivyo. Mama gani anakumbuka mkono wake ulifanya nini mwanawe alipokuwa anaanguka?

Jioni ile majirani walileta wali, kuku wa viungo, na keki nusu. Kila mmoja alimgusa Tasniem shavu akaondoka mapema, wenye nyumba wapumzike. Upepo ulikuwa umekufa. Igsaan alikuwa akitoa darubini rafuni moja moja, akizifunga kwenye magazeti, azitoe zote nyumbani, bila kuambiwa na mtu. Tasniem alikuwa mapajani mwa mama yake, anakula keki, anaimba wimbo wa chekechea, anatikisa miguu. Faldiela alikuwa amemzungushia mikono kiunoni na kuweka kidevu juu ya nywele zake. Hakukumbuka kama aliwahi kuwa na furaha kiasi kile.

"Mama, nataka kwa Baba. Nimsaidie kufunga."

"Nenda, mwanangu."

Tasniem akajisukuma mbele. Hakushuka.

"Mama, niachie."

"Shuka, nenda," Faldiela alisema, na alimaanisha. Aliiambia mikono yake ifunguke. Mikono ikasikia, ikakaza.

"Mama, unanibana."

Igsaan alicheka bila kugeuka, gazeti likichakarika mikononi mwake. "Mwachie mtoto, we mwanamke! Utampakata mpaka harusini kwake?"

Tasniem alikuwa ameacha kutikisa miguu. Faldiela alitaka kumwita mumewe. Alifungua mdomo ajaribu, amwambie aje upesi, aje na mtu yeyote, amvunje mikono kama ikibidi. Akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo, yenye upole mwingi, karibu kabisa na sikio la mwanawe.

"Shhh," ilisema. "Shhh."